Asante Peke Yake Haibebi Maji

Sisi hatukuja kuwafundisha. Tumekuja kukiri kosa letu.

Desemba 2022 tulirudi nyumbani Kitui kwa Krismasi. Mvua ilikuwa imekosa misimu mitano mfululizo. Nauli ilikuwa imepanda, lakini tulifika na sukari, unga na mkate. Tulichinja mbuzi, tukala, tukaomba. Kila mmoja alisimama akamshukuru Mungu kwa kazi, kwa watoto, kwa safari njema.

Halafu mama yetu mzee, ambaye hawezi kutembea, akauliza, "Na huyu anayenibeba, nani amemshukuru?"

Tulinyamaza. Mke wa mdogo wetu alikuwa jikoni akiosha sufuria. Maji aliyabeba mgongoni kwa mtungi toka mtoni, kule wanakochimba mchangani. Siku 4 tulikuwa tukioga maji hayo bila kuuliza yametoka wapi.

Tulimwita, tukasimama wote, tukamwambia asante. Akajibu, "Nimeipokea. Lakini mgongo bado unauma."

Basi tukafungua daftari. Kila nyumba ikaanza kutoa shilingi 500 kwa mwezi. Kabla ya mvua kubwa ya mwisho wa 2023, tangi la lita 5,000 lilikuwa limesimama, na mifereji imefungwa kwenye mabati. Mvua ikalijaza.

Wapendwa, Krismasi hii mkimaliza kuomba, hebu ingieni jikoni. Mwulizeni aliyebaki nyumbani ni mzigo gani unaomuumiza. Kisha tafuteni kalamu.