Kutega Wavu kwa Mtumbwi Mtoni Luama

Kipindi cha leo ni chenu, ndugu wavuvi wa Kabambare na Kasongo mnaotega nyavu kwa mtumbwi katika Mto Luama na kule unakomwaga maji yake, Lualaba.

Tuanze na mtumbwi. Ni mwembamba, huyumba upesi mtu akisimama. Basi nendeni wawili: mmoja akae nyuma na kasia, mwingine apige magoti mbele ateremshe wavu. Upangeni wavu ndani ya beseni kabla ya kuondoka, maboya upande huu, vizito upande ule, ili ushuke bila kujisokota. Kisu kiwe karibu. Wavu ukinasa kwenye gogo na mkondo ukaanza kuvuta mtumbwi, kateni kamba. Wavu hununuliwa, uhai haununuliwi.

Mtege wapi? Tafuteni maji yaliyotulia: nyuma ya kona ya mto, kando ya matete, penye mdomo wa kijito. Katikati ya mto mkondo huulaza wavu na kuujaza majani. Chunguzeni kwanza kama pana mamba au viboko. Tegeni jua likishuka, muupandishe wavu alfajiri, maana samaki akikawia wavuni huharibika.

Sasa sikilizeni sana habari ya macho ya wavu. Jicho dogo hukamata samaki ambaye hajazaa hata mara moja. Chagueni jicho linalopitisha vidole vitatu bila kubana. Chandarua kisiingie mtoni kamwe: dawa yake huua samaki na wadudu wanaoliwa na samaki, na mtoto nyumbani huachiwa mbu wa malaria. Sumu ya utupa nayo huua wakubwa kwa wadogo bila kuchagua.

Wavu ukipotea, utafuteni mpaka muutoe. Nailoni haiozi, itaendelea kukamata samaki wasioliwa na mtu.

Mwisho, msizibe kijito. Mvua zinaporudi baada ya kiangazi, kambale hupanda kwenye mabonde yaliyofurika kwenda kutaga mayai. Mkiwafungia njia, mwakani hakuna samaki.

Wavuvi, kabla mvua hazijaanza, kaeni na chefu wa kijiji mkubaliane: macho mapana, hakuna sumu, na nusu ya kila kijito ibaki wazi. Makubaliano hayo myasimamie ninyi wenyewe, kwa sababu mto huu ndio unaowalisha watoto wenu.