Sukari, Hamira na Mtihani wa Biolojia

Wiki hii nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia nauli za mabasi, lakini jambo lililonikuta Jumapili iliyopita nyumbani kwa dada yangu limenifanya niziweke nauli pembeni.

Nilimkuta binti yake, ambaye yuko kidato cha nne, amekaa barazani na daftari la biolojia, mguu unatikisika na midomo inakwenda kama mtu anayehifadhi dua. Baada ya "shikamoo mjomba" akanieleza kuwa wana mtihani wa majaribio, na mada inayomtesa ni respiresheni, yaani namna seli za mwili zinavyovunja sukari iitwayo glukosi ili kupata nguvu. Nikamwambia anisomee. Akafumba macho akatiririka kwa Kiingereza: glukosi jumlisha oksijeni, unapata hewa ya ukaa, maji na nguvu. Namba zote zilikuwa sahihi, sita hapa, sita pale.

Nikamuuliza swali moja tu. "Ukikimbilia daladala, ukishapata kiti mbona unaendelea kuhema?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mjomba, hilo halimo kwenye notisi."

Simlaumu. Mimi mwenyewe nilikariri mstari huo huo, nikautapika kwenye karatasi ya mtihani, na kesho yake haukuwamo tena kichwani.

Tatizo linaanzia kwenye neno. Sisi tukisikia kupumua, tunafikiria pua na mapafu. Kifua kinapopanda na kushuka, huo ni usafirishaji tu, kama lori linaloleta kuni. Kazi yenyewe inafanyika ndani ya seli, za ubongo, za kidole, hata za jani la mwembe. Mwembe hauna mapafu, lakini unaifanya kazi hiyo usiku na mchana. Hapa ndipo watahiniwa wanaponaswa: wanaandika kwamba mimea hufanya respiresheni usiku peke yake, kwa sababu mchana inatengeneza chakula. Mchana inafanya yote mawili.

Sasa sukari inavunjwaje? Molekuli moja ya glukosi ina kaboni 6. Kwanza, katika ute wa seli, inakatwa kuwa vipande viwili vya kaboni tatu tatu, viitwavyo piruvati. Oksijeni haihitajiki hapo, na faida yake ni ATP 2 basi. Binti akauliza ATP ni kitu gani hasa. Nikamwambia ni chenji. Ukipanda daladala na noti ya shilingi elfu kumi, konda atakutazama kwa jicho baya. Anataka pesa ndogo ndogo. Glukosi ni ile noti. Msuli hauwezi kuitumia ilivyo, mpaka ivunjwe kuwa ATP.

Oksijeni ikiwepo, piruvati huingia kwenye vijumba viitwavyo mitokondria, na huko ndiko noti inakovunjwa barabara. Kaboni zote sita hutoka moja moja kama hewa ya ukaa, na haidrojeni hupokonywa kidogo kidogo, nguvu yake ikatengeneza ATP nyingine nyingi. Sehemu moja ya safari hiyo ni mzunguko ulioelezwa mwaka 1937 na Hans Krebs, mzaliwa wa Ujerumani aliyekimbilia Uingereza. Jarida la Nature lilimrudishia makala yake, akaichapisha kwingine, na mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo mwanafunzi anayeuona mzunguko huo mgumu asijione mjinga.

Vitabu vingi vya shule husema jumla ni ATP 38, vingine 36. Hesabu za siku hizi zinaipunguza hadi 30 au 32 hivi. Kwenye mtihani, andika ya kitabu unachofundishiwa, lakini usisahau kinachotakiwa kueleweka: bila oksijeni unapata 2, ukiwa nayo unapata thelathini na zaidi.

Wakati huo dada yangu alikuwa amefunika beseni la unga wa maandazi kwa kanga. Nikamwita binti aje afunue. Unga ulikuwa umeumuka hadi ukingoni. Ndani ya donge lile hewa ni haba, kwa hiyo hamira, ambayo ni kiumbe hai, inavunja sukari kwa njia ya mkato: inapata ATP zake 2 na kutoa hewa ya ukaa pamoja na kileo. Hewa ndiyo inayoumua andazi, na kileo hupotea kwenye mafuta ya moto. Wachagga wanaopika mbege wanakihitaji hicho kileo, na wala hawana haja ya kufumba macho na kukariri.

Msuli wa mkimbiaji nao ukizidiwa hushika njia ya mkato, ila wenyewe hautoi kileo, hutoa asidi ya laktiki. Ukishapata kiti kwenye daladala unaendelea kuhema kwa sababu mwili unalipa deni la oksijeni, na sehemu ya asidi ile inapelekwa kwenye ini ikageuzwe glukosi tena. (Maumivu ya misuli ya kesho yake ni jambo jingine. Kufikia wakati huo asidi imekwishaondoka.)

Ndugu wasikilizaji, chupa tupu ya maji, kijiko cha sukari, maji ya vuguvugu, hamira kidogo na puto mdomoni mwa chupa, hayo yanatosha kuonyesha mbele ya darasa kile ambacho binti yule alikuwa amekiimba tangu muhula uliopita bila kukiona. Puto linajaa lenyewe. Mwalimu mwenye wanafunzi waliobanana hadi mlangoni anaweza kulifanya, na gharama yake haifiki soda mbili.

Juzi usiku binti alinipigia simu. "Mjomba, hiyo oksijeni tunayoivuta inaishia wapi?" Nilikuwa tayari kumjibu kwamba inatoka kama hewa ya ukaa, ulimi ukasita. Nikamwambia asubiri nifungue kitabu. Inaishia kwenye maji: mwisho kabisa wa safari, ndani ya mitokondria, inaipokea ile haidrojeni iliyopokonywa kwenye sukari. Nilipomjibu, alicheka kwanza, kisha akaniuliza kama na mimi nilikuwa nimekariri.