Mvuvi Mgeni Naye Ahesabiwe
Hotuba kwa viongozi wa BMU, ufuo wa Dunga



Omena huvuliwa usiku, kwa taa, mwezi usipoonekana. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, wavuvi wa omena walipoteza saa zao za kazi. Mwenye shamba na jamaa karibu alikuwa na pa kuegemea. Mvuvi mgeni, aliyefuata samaki kutoka kaunti jirani au ng'ambo ya mpaka, alikuwa na chumba cha kukodi tu.

Juni 2021 Korona ilizidi, na Kisumu ikawa miongoni mwa kaunti 13 zilizowekewa masharti makali zaidi. Mgeni huyo alibaki pembeni. Kadi yake ya kliniki iko kwao, na mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba humkosa: usiku yuko majini, mchana amelala. Anayetumia dawa za VVU akihama bila barua ya kliniki, huenda zikamwishia njiani.

Janga limepita, pengo hilo bado lipo. BMU tayari zina daftari la wavuvi na mashua. Ombi ni moja: mgeni akishaandikwa, akutanishwe na mhudumu wa afya wa ufuo wiki hiyo hiyo. Habari za dawa zake zisiingie daftarini; hiyo ni siri yake na mhudumu.

Anayelala Dunga leo ahesabiwe Dunga leo.