NYUMBA KUUKUU YA MAWE: TAZAMA KABLA YA KUNUNUA

Karatasi za somo mnazo mikononi. Nitasema polepole, nanyi fuateni kwa kidole mstari kwa mstari. Mkikuta neno gumu, litieni alama. Maana yake mtaiona mwisho wa somo.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kununua nyumba kuukuu ya mawe, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja, za Lamu, na za Mji wa Kale wa Mombasa. Nyingi za nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa katika karne ya 19. Huko Uingereza nyumba za miaka ile huitwa kwa jina la Malkia Victoria, aliyetawala tangu mwaka 1837 mpaka 1901. Watu huko huzinunua na kuzitengeneza mpaka leo. Zao nyingi ni za matofali, na zetu ni za mawe ya matumbawe, lakini maradhi yao yanafanana: maji ya mvua, mbao zilizooza, na fundi asiyeujua ukuta wa chokaa.

Nyumba kuukuu ni mali nzuri. Kuta zake ni nene, na ndani mna ubaridi hata wakati wa jua kali. Lakini nyumba hiyo hiyo yaweza kula akiba ya miaka ishirini ya mtu na watoto wake. Basi tujifunze kuitazama kabla ya kutoa fedha.

KWANZA: NYUMBA HII IMEJENGWAJE?

Mafundi wa zamani walikusanya mawe ya matumbawe, wakayashikamanisha kwa chokaa. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo juu ya magogo, kisha ikamwagiwa maji. Ukuta una unene wa nusu mita au zaidi.

Juu ya kuta zililazwa boriti za mikoko, nyingine zilizoletwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu. Juu ya boriti wakapanga mawe, na juu ya mawe wakamwaga chokaa na kuishindilia. Hiyo ndiyo sakafu ya ghorofa. Boriti za mikoko si ndefu sana, na ndiyo sababu vyumba vingi vya zamani ni virefu lakini vyembamba, upana wake mita 3 hivi au pungufu.

Kwa hiyo nyumba hii husimama kwa mambo mawili: uzito wa kuta na uzima wa boriti. Boriti ikioza, sakafu hulegea. Sakafu ikianguka, ukuta hukosa wa kuushika, nao huinama.

PILI: TEMBEA NA MACHO YAKO

Nenda kuitazama nyumba mchana, tena wakati wa masika ukiweza. Nyumba iliyopakwa rangi mpya wakati wa kiangazi huficha mengi, na mvua ya Aprili huyafunua yote.

Anza juu, ushuke chini. Panda mpaka kwenye paa. Tazama mabati yaliyotoboka na mifereji iliyoziba. Maji yakiingia juu hushuka ndani ya ukuta, na hapo huanza kila ubaya.

Halafu tazama boriti. Katikati yaweza kuwa nzima, lakini ncha yake, pale inapoingia ukutani, imeoza. Chukua msumari, umwombe mwenye nyumba ruhusa, uchome kidogo karibu na ukuta. Msumari ukizama kama katika muhogo uliopikwa, boriti hiyo imekwisha. Tazama pia njia za mchwa.

Sasa piga lipu kwa vidole, ko, ko, ko. Ikiitika kama debe tupu, imekwisha achana na ukuta.

Tazama nyufa. Ufa mwembamba kama uzi si jambo la kutisha. Ufa unaoingia kidole, au unaopita toka ghorofa ya juu mpaka chini, ni jambo kubwa. Njia ya kuujaribu ni hii: paka donge dogo la plasta juu ya ufa, uandike tarehe. Rudi baada ya miezi michache. Donge likipasuka, ujue ukuta bado unatembea. Tena simama mwisho wa ukuta, uutazame kwa jicho moja. Ukiuona umetutumka katikati kama tumbo, usinunue mpaka mhandisi au fundi mwashi mzoefu autazame.

Mwisho, tazama vitu vilivyoongezwa baadaye. Je, juu pamejengwa ghorofa ya matofali ya saruji? Je, juu kuna tangi la maji? Hapa tufanye hesabu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Tangi la lita 2,000 likijaa, lina uzito wa kilo 2,000, yaani tani 2. Je, boriti hizo za zamani zilikatwa kubeba tani 2 mahali pamoja? Uliza pia maji machafu huenda wapi, maana bomba linalovuja chini ya ukuta hulowesha msingi mchana na usiku.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa fahari ya Unguja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka wakati mafundi wakilitengeneza, na watu wawili wakafariki. Ikiwa jumba la Sultani laweza kuanguka, sembuse nyumba iliyoachwa bila mtu miaka mingi?

TATU: SARUJI SI DAWA YA KILA UKUTA

Watu wengi wakinunua nyumba kuukuu huita fundi, wakamwambia, “Bandua chokaa hii, piga saruji, iwe imara.” Nyumba ikang'aa mwaka mmoja au miwili. Kisha rangi ikaanza kuvimba, chumvi ikatoka, lipu ikaanguka vipande vipande.

Sababu ni hii. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu, kisha huutoa jua likiwaka. Ni kama shati la pamba mwilini. Saruji ni ngumu, nayo huziba. Unyevu ulio ndani hukosa njia ya kutoka. Hubaki ukutani, ukailegeza chokaa ya zamani na kuziozesha ncha za boriti. Ukiivika nyumba hiyo saruji, ni sawa na kumvika mtu koti la mpira kwenye jua kali.

Basi ukiona nyumba kuukuu imepigwa saruji yote, usiseme, “Mwenyewe ameitunza.” Uliza kuna nini chini yake. Nawe ukiinunua, tafuta fundi anayejua kazi ya chokaa. Kazi yake huchukua siku nyingi, kwa kuwa chokaa hukauka polepole, lakini hudumu.

NNE: MWENYE NYUMBA NI NANI?

Hapa ndipo watu wengi walipopotea. Ukuta mbovu hutengenezwa, lakini ukinunua kwa mtu asiye na haki ya kuuza, fundi wa kutengeneza hilo hapatikani.

Nyumba nyingi kuukuu ni za urithi. Tuseme Bwana Fulani, Mwislamu, amefariki. Wazazi wake walikwisha tangulia. Ameacha mke mmoja, wana wanaume 2 na wana wanawake 3. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu mke hupata sehemu 1 katika 8. Zilizobaki ni 7. Kila mwana mwanamume hupata mara mbili ya mwana mwanamke. Basi wanaume wawili hupata 2 na 2, na wanawake watatu hupata 1 na 1 na 1. Jumlisheni: 1 na 4 na 3 ni 8.

Sasa anakuja kwako mmoja wa wanaume wale, na funguo mkononi. Anasema, “Nyumba ya marehemu baba, nakuuzia kwa shilingi milioni 80.” Je, ana kiasi gani cha nyumba ile? Ana sehemu 2 tu katika 8. Nane ya milioni 80 ni milioni 10. Mbili ni milioni 20. Ukimpa milioni 80, umelipa kwa nyumba nzima na umepata robo. Kesho dada yake atarudi kutoka Maskati au Dar es Salaam, adai haki yake, naye atakuwa na haki.

Kwa hiyo usitosheke na mwenye funguo. Taka kuona karatasi ya mahakama inayotaja warithi wote. Taka kila mrithi akubali kwa maandishi. Warithi wanawake waulizwe wenyewe. Haitoshi kaka yao kusema, “Nimewaambia.” Waulize majirani walio barazani, na umwone sheha wa pale.

Jambo la pili: uliza kama nyumba ni ya wakfu. Mali ya wakfu imetolewa kwa ajili ya Mungu au kwa faida ya watu fulani, na si bidhaa ya kuuzwa. Zanzibar iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Waulize. Kuna nyumba nyingine ambazo ni mali ya Serikali, nazo aliyepangishwa hawezi kuziuza.

Jambo la tatu: Zanzibar ardhi yote ni ya umma. Mtu hupewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo uliza haki hiyo imeandikwa kwa jina la nani, na utafute habari zake katika Kamisheni ya Ardhi. Kenya sheria ni nyingine, lakini shauri ni lile lile: litazame daftari la ardhi kabla ya kutoa fedha.

TANO: RUHUSA NA SAHIHI

Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001. Mji Mkongwe una Mamlaka yake ya Hifadhi tangu mwaka 1985. Basi usibomoe, usiongeze ghorofa, wala usibadili mlango au dirisha kabla ya kupata ruhusa. Uliza mambo hayo kabla ya kununua, usije ukanunua nyumba kwa ajili ya kazi usiyoweza kuruhusiwa.

Tena usimalize fedha zako zote katika bei. Nyumba kuukuu ukiinunua leo, kesho itadai paa. Weka fungu la matengenezo kando.

Na mwisho, ndugu yangu, soma. Hii ndiyo faida ya darasa lako. Zamani mtu aliletewa karatasi akatia kidole gumba, hajui kilichoandikwa. Wewe soma jina la anayeuza, soma mipaka ya nyumba, soma bei kwa tarakimu na kwa maneno. Kama neno hulijui, mwulize mwanasheria au mtu unayemwamini. Anayekuharakisha kabla hujamaliza kusoma, mshukuru, umrudishie karatasi yake.

Haya ndiyo mazungumzo yetu ya leo. Kwaherini.

MANENO YA KUJIFUNZA

Boriti: mti unaolazwa juu ya kuta kushika sakafu au paa.
Kuukuu: -a zamani, iliyotumika sana.
Lipu: chokaa au saruji inayopakwa juu ya ukuta.
Matumbawe: mawe yaliyotokana na bahari.
Mrithi: mtu mwenye haki katika mali ya marehemu.
Tutumka: kuvimba na kutokeza nje.
Wakfu: mali iliyotolewa daima kwa kazi ya Mungu au faida ya watu.

MASWALI

1. Kwa nini vyumba vingi vya zamani ni vyembamba?
2. Tangi la lita 1,500 likijaa maji, maji hayo yana uzito wa kilo ngapi?
3. Kwa nini saruji haifai juu ya ukuta wa matumbawe?
4. Katika hesabu yetu, kila mwana mwanamke ana haki ya shilingi ngapi? Mama yao je?
5. Andika mistari mitano: ungemwuliza nini mtu anayetaka kukuuzia nyumba ya baba yake?