Makohozi Chini ya Hadubini
Hotuba kwa watu wa Kona Baridi, Kajiado



Mtu aliyekohoa majuma mawili hupewa kikopo ili atemee makohozi. Wengi hutia mate, kisha hushangaa kuambiwa hakuna kilichoonekana. Kinachotakiwa ni kile kizito kitokacho kifuani, hasa cha alfajiri. Na kwa baridi ya huku kwetu, najua kazi hiyo haipendezi.

Mpimaji huyapaka makohozi juu ya kioo, huyakausha, huyatia rangi nyekundu na kuyapasha moto, kisha huyaosha kwa asidi. Vijidudu vingi huiachia rangi ile. Kijidudu cha kifua kikuu, ambacho Robert Koch alikitangaza huko Berlin mwaka 1882, huishika, kwa kuwa ganda lake lina nta. Ikiongezwa rangi ya buluu, huonekana vijiti vyekundu.

Lakini hadubini haioni vichache: yapasa viwe 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja. Basi ukiambiwa hakuna, na kikohozi kingalipo, usiende zako. Omba kipimo cha mashine iitwayo GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2010. Hiyo huvitambua hata vikiwa 130 hivi. Dawa zenyewe katika hospitali za serikali hazilipiwi.