Mwendo wa Baiskeli



Leo tuzungumze juu ya baiskeli kuukuu. Mnaijua ile nyeusi, nzito, ambayo Wakenya huiita Black Mamba: Raleigh ya Nottingham, Phoenix ya Shanghai, au Hero ya Ludhiana kule India. Breki zake ni vyuma virefu, si waya. Keria yake hubeba gunia la mahindi, au mama na mtoto. Taa yake ya dinamo huwaka gurudumu likizunguka; ukisimama, unabaki gizani. Wako wanaoicheka. Mimi naipenda, wala sioni haya kusema hivyo redioni.

Sasa ifikirini katika Turkana, pande za Nakalale. Lodwar mpaka Kakuma ni kama kilomita 120. Abiria wa gari hufunga dirisha kwa ajili ya joto, akasinzia. Mwenye baiskeli hawezi kusinzia. Mwiba wa mathenge, mti ulioletwa huko miaka ya 1980, humtoboa mpira, naye hana budi kushuka atafute kiraka. Hapo ndipo anapoanza kuona. Akina mama wanachota maji kwa bakuli, ndani ya shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto mkavu. Mzee amekalia ekicholong, kigoda kidogo cha mti ambacho usiku huwa mto wa kulalia. Mzee anasema, "Ejoka," na msafiri anaitikia. Tayari si mgeni kabisa.

Mwezi wa Agosti 1984, karibu na Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu alikwenda kutembea kwa miguu siku ya mapumziko. Kati ya kokoto akaona kipande cha fuvu, kidogo kama kiberiti, rangi moja na mawe. Walipochimba, wakapata mifupa mingi ya mvulana wa kale sana. Je, angekiona akiwa garini?

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Filipo alitumwa kwenye njia ya jangwa iendayo Gaza. Mkushi alikuwa ndani ya gari. Filipo alikuwa kwa miguu. Ilimpasa akimbie mpaka kando ya gari, ndipo akasikia kwamba mtu huyu anasoma. Hakuanza kwa mahubiri. Alianza kwa swali, na Mkushi mwenyewe akamkaribisha apande, wakaketi pamoja.

Ndugu zangu, tumenunua magari ya kazi ya Injili, na ni vyema. Lakini yuko mtu kando ya njia anayeyajua magari hayo kwa vumbi lake tu. Wewe unayempungia mkono kila Jumapili kutoka dirishani, jina lake nani? Anateka maji wapi?

Kama kuna baiskeli imeegemea ukuta nyumbani kwako, itie upepo juma hili. Na viraka uchukue viwili, maana miba ya mathenge haina huruma.