Kuandika Bila ya Kusukumwa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nansio, Ukerewe)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya "Mafanikio katika Uandishi." Nimeomba ruhusa nibadili kichwa cha habari, na Mwenyekiti kwa ukarimu wake amekubali, kwa kuwa juu ya mafanikio sina mengi ya kusema. Nitazungumza juu ya furaha ya kuandika: jinsi inavyoweza kumtoka mtu ambaye kazi yake ni kuandika tu, na jinsi ilivyonirudia mimi hapa hapa kisiwani. Nitamtaja pia mzee wetu mmoja ambaye baadhi yenu mmepita mara nyingi karibu na kwao bila ya kumjua.

Wachache kati yenu mmewahi kunisoma kwa jina langu. Waliobaki, kama mmenisoma, mmenisoma kwa majina mawili ya bandia, na sitayataja, maana nawaona hapa watu waliowakataza binti zao kusoma hadithi zile.

Nilimaliza Kidato cha Nne katikati ya miaka ya 1980, nikaenda Dar es Salaam kwa treni kutoka Mwanza kama walivyokwenda wengi wetu. Wakati tulipokuwa shuleni tulikuwa tukifichiana chini ya dawati Kufa na Kupona na Njama za Elvis Musiba, na kila mmoja wetu alitaka kuwa Willy Gamba. Mimi nilitaka kuwa Musiba. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, magazeti ya watu binafsi yakachipuka kama uyoga, nayo yalikuwa na njaa ya hadithi, kwani hadithi ndiyo iliyomrudisha mnunuzi wiki ya pili. Mhariri wangu (gazeti silitaji, na mwenyewe alikuwa mwema kwangu kwa namna yake) alikuwa na kanuni moja: sehemu isikome mahali pa amani. Mlango ugongwe, bastola ichomolewe, mke afungue barua isiyo yake, halafu chini iandikwe: Itaendelea wiki ijayo.

Nisiseme uongo, miaka ya mwanzo niliipenda sana kazi ile. Siku moja ndani ya daladala ya Ubungo nilimsikia kijana akimsomea mwenzake hadithi yangu kwa sauti, konda naye akasahau kudai nauli. Nilishuka kituo cha mbele zaidi ya kile nilichokuwa nakwenda.

Kisha hadithi moja ikawa mbili, na mbili zikawa nne. Malipo yalihesabiwa kwa sehemu, nayo yalichelewa miezi, hivyo ili nile mwezi huu ilinibidi niandike ya mwezi ujao. Zilipokuja simu za siku hizi, na wasomaji wakaanza kulipia sehemu kwa sehemu kupitia simu hizo hizo, hata ile nafasi ya wiki ikaondolewa. Ikawa sehemu kila siku, Jumapili ikiwamo. Saa nne za usiku unaingia ujumbe kutoka ofisini: "Wasomaji wanapungua. Muue mmoja." Nami namuua mmoja.

Sikuugua malaria wala homa ya matumbo. Nilikuwa nalala vizuri na kuamka nimechoka. Jambo lililonitisha ni kwamba niliacha kusoma. Mimi niliyekuwa nikisoma hata karatasi iliyofungia maandazi, nikawa siwezi kutazama ukurasa wa kitabu cha mtu bila ya kutafuta mahali ambapo ofisi ingeukata. Watu nao vivyo hivyo. Jirani ananisimulia taabu zake, nami moyoni napima kama zinatosha sehemu tatu au nne. Daktari alinishauri nipumzike, nikapumzika wiki tatu. Nguvu zilirudi, lakini hamu haikurudi.

Mwaka 2016 nilikuja nyumbani kwa msiba wa mjomba, na baada ya arobaini sikuondoka. Nilikaa kwa jamaa zangu wavuvi wa dagaa. Ninyi wa huku hamhitaji kufundishwa, lakini wapo hapa wenzetu waliokulia bara, kwa hiyo nieleze kidogo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa wengi wanatumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Dagaa huifuata taa, wakakusanyika, wavu ukawazunguka. Lakini mwezi unapokuwa mpevu ziwa zima ni jeupe, taa haiwavuti tena, na mitumbwi huvutwa mchangani kwa siku saba, nane, hata kumi. Katika siku hizo wavuvi hushona nyavu, hukalafati mitumbwi, hulala mchana, huoa, hugombana na kupatana. Sijamwona mvuvi aliyeona haya kukaa pwani wakati wa mbalamwezi, wala tajiri mwenye mitumbwi aliyewapelekea ujumbe saa nne za usiku.

Gazetini hakukuwa na mbalamwezi. Hilo ndilo nililokuwa nikilifikiri nimekaa pale mchangani na watu wanaoshona nyavu, na kwa muda wa miezi kadhaa sikufikiri zaidi ya hapo.

Alikuwa mwalimu mmoja mstaafu aliyeniazima juzuu mbili za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Mzee Aniceti Kitereza. Aibu si yangu peke yangu, kwani naamini tukipiga kura ya mikono hapa, waliokisoma chote watatosha kukaa kwenye benchi moja. Kisa chenyewe ukikieleza kwa kifupi ni cha dakika mbili. Mume na mke hawana mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Mume anakwenda ukweni kuomba radhi, anatozwa pombe, mke anarudi. Mganga anawatibu, wanampata Ntulanalwo, kisha Bulihwali, nasi tunawafuata watoto hao mpaka ukubwani. Lakini mzee hana haraka hata chembe. Pombe ya ndizi ikitengenezwa, utaiona ikitengenezwa. Wakwe wakiamkiana, utangoja mpaka waamkiane sawasawa. Mtu akisafiri, utatembea naye. Ofisi yangu ya zamani ingekata robo tatu ya kitabu kile na kumuua mganga kwenye sehemu ya tano.

Nami nilikuwa nasoma usiku, na ikafika mahali nikagundua kwamba sitaki kujua kitakachotokea. Nilitaka mzee aendelee na pombe yake. Kwa mtu aliyeishi zaidi ya miaka 20 kwa kuuza kitakachotokea, hilo si jambo dogo.

Mzee Kitereza alizaliwa mwaka 1896, wa ukoo wa watawala wa kisiwa hiki. Akasoma kwa mapadre, akaenda hadi seminari ya Rubya kule Bukoba, akajifunza lugha za Wazungu pamoja na Kilatini. Kitabu alikiandika kwa Kikerewe na kukimaliza mwaka 1945. Padri Almas Simard, Mkanada, alikuwa amemtia moyo, lakini fedha ya kusubiri haikuwapo, wala gazeti la kudai sehemu ya pili. Aliandika kwa kuwa aliona mambo ya wazee yanapotea, akataka yakae mahali. Kwa Kikerewe hakupata mchapishaji. Mwaka 1968 na 1969 mwanahistoria wa Kimarekani, Gerald Hartwig, na mkewe Charlotte walikuwa hapa Ukerewe kwa utafiti, wakafahamiana naye na kumhimiza akitafsiri kwa Kiswahili. Mzee alikuwa amepita miaka 70, viungo vinamuuma, na watoto wake mwenyewe walikuwa wamemtangulia kaburini. Akakaa, akakiandika upya chote. Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980, kikachapwa China. Mzee akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia.

Msinielewe vibaya, vijana. Sisemi kwamba ilikuwa vema kungoja miaka 35. Ilikuwa vibaya, na anayeisifu subira hiyo mbele yangu huwa namwuliza kama yeye angeikubali. Tangu hapo kitabu kimetafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 mwana mwingine wa kisiwa hiki, Profesa Gabriel Ruhumbika, akakitoa kwa Kiingereza akitafsiri kutoka Kikerewe chenyewe. Yote hayo mzee hakuyaona. Ninalosema ni dogo zaidi: katika kurasa zile zote sikuona mahali ambapo mwandishi amechoka na watu wake.

Basi nikanunua kaunta buku dukani hapa sokoni, na kalamu ya wino wa bluu. Nikamwandika jirani yangu anavyokalafati mtumbwi. Hakuna aliyeuawa, hakuna mlango uliogongwa. Ukurasa wa kwanza ulinichukua kutoka Jumatatu hadi Alhamisi, mimi niliyekuwa nikitoa sehemu nne kwa siku, kwa sababu kila nilipoandika "akaziba ufa" ilinibidi niende kutazama tena anazibaje. Pamba inasokotwa kwanza. Kisha inasukumwa ndani ya ufa kwa patasi butu, kidogo kidogo, na sauti ya nyundo inabadilika ufa unapojaa. Mambo haya nilikuwa nayaona tangu utotoni na sikuwahi kuyajua.

Jioni nilimsomea mama mkubwa, ambaye macho yake sasa yanaona mwanga tu. Alinisahihisha mara tatu. Mahali nilipoandika habari za mbwa wa jirani, aliyelala ndani ya mtumbwi na kukataa kutoka, mama mkubwa alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi sikuwa nimepaandika ili pachekeshe. Kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, haya yote uliyoandika, nani atakulipa?" Nikamjibu, "Hakuna, mama." Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi soma tena pale pa mbwa."

Nilisoma tena pale pa mbwa, na usiku ule sikulala mapema. Sasa niko kwenye kaunta buku la tatu.

Jana mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alinipa karatasi yenye swali: je, uandishi unalipa? Nitamjibu kwa watu ninaowafahamu kwa kazi zao. Musiba alikuwa mfanyabiashara, akafika kuwa kiongozi wa chama cha wenye biashara, viwanda na kilimo nchini. Sidhani kwamba ugali wake ulitoka kwa Willy Gamba. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo hapa Ukerewe, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, Dar es Salaam na baadaye Botswana. Rosa Mistika cha mwaka 1971 kilizuiwa mashuleni kwa muda, akaendelea kuandika. Mashairi ya Kichomi ya mwaka 1974 yaliwaudhi waliotaka vina na mizani, akaendelea. Baada ya Gamba la Nyoka cha mwaka 1979 angeweza kutoa riwaya ya namna ile ile kila baada ya miaka miwili na wasomaji wangemshukuru. Badala yake akaja na Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba vya ajabu ambavyo walimu wa fasihi hadi leo wanavikuna kichwa. Mtu ambaye mshahara wake unatoka kwingine anaweza kufanya hivyo. Mimi nina michungwa 40 na wanafunzi wa masomo ya jioni. Kijana wangu, tafuta michungwa yako kwanza.

Na majaribu hayajaisha. Miezi miwili iliyopita nilipigiwa simu na watu wa hadithi za simu kutoka Dar es Salaam. Wamesikia juu ya kaunta buku zangu. Wanataka sehemu 60, na fedha waliyoitaja ingeezeka nyumba yangu yote kwa mabati mapya, ninyi mliopita kwangu mnajua hali ilivyo. Sharti lao ni kwamba hadithi ianze kwa kivuko kuzama. Waliokuwa hapa tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha, wataelewa kwa nini nilikaa kimya kwenye simu mpaka yule bwana akadhani mtandao umekatika. Nikamwambia kaunta buku likiisha nitampelekea kama lilivyo, pamoja na mbwa. Hajajibu. Mvua za vuli nazo ndizo hizo.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa, na harufu ya sato imeshafika hapa. Nina ombi moja. Nimefika kwenye sura ya mitumbwi ya zamani, ile iliyoshonwa mbao kwa mbao kwa kamba kabla misumari haijaenea ziwani. Nataka kujua kamba ile ilisokotwa kwa mmea gani, na matundu ya kushonea yalizibwa kwa nini. Wazee wawili wamenipa majibu mawili, na kila mmoja anasema mwenzake hajui. Yeyote ambaye baba au babu yake alishona mtumbwi, nitakuwa chini ya mwembe ule wa nyuma ya jiko nikiwa na kaunta buku langu. Wanaorudi Mwanza kwa meli waanze wao.